Mwalimu Kumi na Mjukuu wa Mpiga Pasi

20 Januari

Shangazi,

Shikamoo. Najua simu huisikii vizuri, na ukiisikia unabishana nayo, ndiyo maana nakuandikia. Ukiniuliza habari za kazi mpya nitakujibu kwamba waliochagua kuvunja mawe wana nafuu, maana jiwe likishavunjika halikuulizi kama linaweza kwenda chooni.

Nina watoto sitini na wawili wa darasa la tatu, na madawati ya kutosha watoto arobaini. Nikikaa mbele, wa nyuma siwasikii. Nikienda nyuma, wa mbele wanapigana. Wewe ulifundisha miaka thelathini na minne na sikumbuki ukilalamika hata siku moja. Ama ulikuwa unatudanganya, ama watoto wa siku zile walikuwa wa mbao.

Hata hivyo nimepata njia. Chuoni walitusisitizia kwamba kila mtoto asome kwa sauti kila siku. Kipindi ni dakika arobaini. Nikapiga hesabu nikaona kila mmoja nimpe mpaka kumi aanze. Nagonga meza kwa kipande cha chaki, moja, mbili, tatu. Nikifika kumi hajafungua mdomo, namruka naenda kwa mwenzake, na yeye anabaki amesimama. Inafanya kazi. Wameshanibatiza Mwalimu Kumi, na Mwalimu Mkuu alipopita dirishani aliniitikia kwa kichwa.

Mmoja tu ndiye anayenipasua kichwa. Ni msichana wa dawati la tatu, mwembamba, sare yake imepigwa pasi mpaka unaogopa kuigusa. Namsimamisha, anashika kitabu, anakodolea macho ukurasa, kimya. Moja mpaka kumi, kimya. Kila siku anabaki amesimama. Wenzake wanamwita Bubu, nimewakataza mara moja au mbili. Halafu kazi za nyumbani analeta zimeandikwa vizuri kuliko za wote, maana yake kuna mtu anamfanyia. Hilo ndilo linalonikera zaidi, familia inayoona afadhali kumdanganya mwalimu kuliko kukaa na mtoto wao.

Nipe dawa, Shangazi. Ila usiniambie nivumilie.

Mwanao,
Mwalimu Kumi


30 Januari

Mwalimu Kumi,

Marahaba. Watoto wamekupa jina na wewe unalivaa kama cheo. Mimi waliniita Mama Rula, na haikuwa kwa sababu ya kuchora mistari. Sikulalamika mbele yenu kwa kuwa nilikuwa nafika nyumbani sina sauti.

Unataka dawa, mimi nina maswali tu. Huyo mtoto anaishi na nani? Anafanya nini asubuhi kabla hajaja kwako? Akicheza uwanjani, anaongea? Umesema anakodolea macho ukurasa. Je, macho yanatembea au yamesimama mahali pamoja? Hilo nataka unijibu. Mtoto asiyejua kusoma macho yake hutangatanga, mara dirishani, mara kwa jirani, mara kwako aone umekasirika kiasi gani.

Na huyo anayemfanyia kazi, umemwona au umemtunga? Usimtunge mtu halafu ukamkasirikia. Mwaka wangu wa pili nilimwandikia baba mmoja kwamba ni mlevi, kwa sababu mwanawe alikuwa anasinzia darasani na nilishamjengea baba kisa kizima. Kumbe baba ni mlinzi wa zamu ya usiku, na mtoto huamka alfajiri amfungulie mlango. Alikuja shuleni na sare zake za kazi, akasimama mlangoni, akaniuliza kwa adabu kama ningependa kunusa mdomo wake. Miaka yote hii, nikikumbuka najifunika kanga usoni.

Nenda kwao. Kwa miguu yako, si kwa kalamu.

Shangazi yako


[Katika daftari la mawasiliano kati ya shule na nyumbani]

2 Februari

Kwa mlezi,

Nimeambiwa mtoto huyu anaishi na bibi yake. Bibi, mjukuu wako hajui kusoma. Namaanisha hata sentensi moja, na yuko darasa la tatu. Kazi za nyumbani anafanyiwa na mtu, kwa hiyo zote nimezipa sifuri. Tafadhali keti naye kila jioni umsomeshe. Tia sahihi hapa chini kuthibitisha kwamba umesoma.

Mwalimu wa darasa


3 Februari

Mwalimu,

Bibi anakusalimu. Amesema barua imesomwa yote na ameisikia. Amesema pole kwa kazi ya watoto wengi. Ameuliza, kusoma unakotaka ni kusoma kwa namna gani, ili tufanye hivyo.

Bibi, kwa dole gumba lake


9 Februari

Bibi,

Kusoma ni kusoma, hakuna namna mbili. Naona kuna mtu anakuandikia majibu. Ana mwandiko mzuri, na bila shaka kusoma anajua. Mwombe huyo huyo akae na mjukuu wako nusu saa kila siku badala ya kumfanyia kazi zake. Ni aibu nyumba iwe na msomi, na mtoto wa humo humo asijue kusoma.

Mwalimu wa darasa


10 Februari

Mwalimu,

Bibi amecheka kidogo hapo penye msomi. Halafu akaacha kucheka. Amesema huyo anayeandika anakaa na mjukuu wake kila siku, hawaachani. Amesema ataongeza bidii.

Bibi, kwa dole gumba lake


12 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Maswali yako niliyasoma nikiwa na njaa, labda ndiyo sababu yaliniudhi. Niende kwao lini? Nina vipindi saba kwa siku. Madaftari ya darasani sisahihishi tena mwenyewe, nawabadilishia wanasahihishana wao kwa wao majibu yakiwa ubaoni. Jumamosi nafua, Jumapili naandaa masomo ya wiki. Habari za mtoto nimezipata kwa mwalimu wa darasa la pili, hakuna haja ya kumtembelea mtu. Mama yake alishafariki. Anaishi na bibi yake, wawili tu, chumba kimoja, na bibi anapiga pasi nguo za watu.

Na macho, ndiyo, yanatembea. Umefurahi? Yanashuka ukurasa polepole toka juu mpaka chini. Mimi naona anaigiza. Juzi nilipofika kumi nikamruka, nikamsikia nyuma yangu amefungua mdomo, neno la kwanza likatoka. Nikamwambia muda umekwisha. Ningefanya nini na mwenzake alishaanza?

Bibi nimemwandikia mara mbili. Majibu yanakuja yamejaa adabu na hakuna kinachobadilika. Kuna mtu pale anayeandika kama karani wa mahakama, na barua zangu wanazicheka. Sizushi, wameniandikia wenyewe kwamba wamecheka. Nimechoka, Shangazi. Nimechoka kuwa mtu pekee anayemhangaikia mtoto ambaye si wangu.

Kwa hiyo nimekata shauri. Wasiojua kusoma wanarudishwa darasa la pili, na orodha inafungwa tarehe ishirini mwezi huu. Akishaandikwa hatoki mpaka mwaka uishe. Nampelekea bibi fomu akubali. Usinione mkatili. Labda akianza tena na silabi, pamoja na wadogo, atafunguka.

Mwanao,
Mwalimu (lile la Kumi umeshaliharibu)


17 Februari

Bibi,

Ndani ya daftari kuna fomu ya kumrudisha mjukuu wako darasa la pili. Jazeni sehemu zote. Ukikubali, weka sahihi au dole. Naihitaji kesho.

Mwalimu wa darasa


18 Februari

Mwalimu,

Fomu imejazwa. Bibi alichelewa kuweka dole. Amesema niandike hivi. Kama wewe uliyesoma chuo umeona hajui, basi yeye ambaye hakusoma hana la kubisha. Ameomba huko darasa la pili wasimcheke.

Bibi, kwa dole gumba lake


19 Februari

Kijana wangu,

Barua yako imefika mchana huu na nimeacha chakula mezani nikuandikie. Fomu hiyo usiipeleke. Kama iko mfukoni, ibaki mfukoni.

Macho yanayoshuka ukurasa polepole toka juu mpaka chini yanasoma. Mtu haigizi namna ya kusoma asiyoijua. Alifungua mdomo ulipopita kumi, ukamfunga. Sijui kwa nini anahitaji muda, na wewe hujui, na aliyepaswa kuuliza ni wewe.

La pili. Unaniambia wapo wawili katika chumba kimoja, bibi na mjukuu. Halafu unaniambia yupo wa tatu anayeandika kama karani wa mahakama. Huyo karani analala wapi, juu ya kabati? Chukua daftari la darasani la huyo mtoto, lile usilosahihisha, lilaze kando ya hilo la barua. Ni kazi ya dakika moja. Kama nimekosea, niite kikongwe, nitaitika.

Kama sijakosea, basi kila ulichomwandikia bibi, aliyekifikisha masikioni mwake ni mtoto mwenyewe, kwa mdomo wake. Kaa na hilo.

Nimekasirika, ndiyo maana mwandiko umepinda. Si wewe tu. Nimejikasirikia mimi, nilikuhadithia habari za mlinzi kwa namna ya kuchekesha, na nilikusudia uogope.

Shangazi yako


27 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako ilifika tarehe ishirini na tatu. Fomu niliipeleka tarehe kumi na tisa, siku moja kabla ya mwisho, kwa sababu nilitaka nionekane mwalimu wa kwanza kumaliza.

Nililaza madaftari mawili kwenye meza ya ofisi ya walimu. Sitakuzungusha. Ni mkono mmoja. Hata nukta anaikandamiza vilevile mpaka inatokeza upande wa pili. Nikatafuta nakala ya fomu. Umri wake, darasa analotoka, darasa analokwenda, yote ameyajaza yeye. Kwenye sababu ya kurudishwa ameandika, kwa mwandiko uliozidi wangu, kwamba mtoto hajui kusoma. Nikatoka nje nikidhani walimu wenzangu wote wananitazama.

Siku ile ile baada ya masomo nilienda kwao. Ni chumba chenye ubao mrefu uliotandikwa blanketi, pasi ya mkaa, na marundo ya nguo mpaka dirishani. Kila rundo limebanwa karatasi ya maagizo ya mwenye nguo: shati lisitiwe wanga, suruali mkunjo mmoja, gauni lisiguswe shingoni. Mtoto alikuwa anasoma karatasi na bibi anapiga pasi. Aliponiona akanyamaza na kuiweka karatasi chini, kama mtu aliyefumaniwa. Bibi alinipa kigoda akaendelea na kazi, maana mkaa ulishakolea.

Nikamuuliza kwa nini mjukuu wake hafungui mdomo darasani. Akapandisha mkono wa gauni akanionyesha kovu, pana, kutoka kiwiko kwenda chini. Barua ya kifo cha binti yake, mama wa huyu mtoto, ilimkuta akipiga pasi. Alimwita mpita njia amsomee. Yule mtu akasoma neno kwa neno, naye hajui mbele kuna nini, na bibi akaiangukia pasi. Mtoto alipojua kusoma, bibi akamwekea sharti kwamba chochote kilichoandikwa akisome kwanza kimoyomoyo mpaka chini kabisa, ndipo afungue mdomo. Hajalivunja hata siku moja. Hata karatasi ya shati anaisoma hivyo. Hata kitabu changu, Shangazi. Alikuwa anashuka ukurasa kuhakikisha hakuna msiba, na mimi nagonga meza.

Nikauliza, na barua zangu?

"Alizisoma zote," bibi akasema. "Ile ya kwanza aliisoma kimya, akaenda kunywa maji, akarudi akanisomea. Hakuruka neno."

Mtoto alikuwa pale pale, anapanga vifungo vya mashati. Nikauliza, sasa kwa nini uliweka dole? Bibi akaisimamisha pasi.

"Nilimsikia akinisomea kwamba hajui kusoma. Nikajiuliza, sasa hiki ninachokisikia ni nini? Nikasema labda kuna kusoma kwingine, kwa shule, kunakozidi huku kwetu. Mwalimu ni wewe."

Hata kwaheri sikumbuki kama niliaga.

Kesho yake nikaenda kwa Mwalimu Mkuu. Orodha imeshafika ofisi ya elimu, jina halitoki mpaka mwaka uishe. Nikamwambia mtoto anajua kusoma. Akaniuliza nani amesema hajui, akanifungulia fomu akaniwekea kidole juu ya sahihi yangu. Nilirudi tena mchana. Aliniona kupitia dirishani akatokea mlango wa nyuma. Tangu juzi mtoto yuko darasa la pili, anaimba silabi na watoto wanaomfika begani.

Nataka kumwandikia bibi barua ya kuomba radhi na nashindwa. Nimechana karatasi nne. Kila sentensi ninayoianza najua nani ataisoma kwanza.

Mwanao


6 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Ugumu huo ulikuwepo tangu barua yako ya kwanza kwa bibi, ila hukuujua.

Andika. Lakini usijitukane sana, maana mtoto wa miaka tisa ataona ni kazi yake kukubembeleza, na kazi anazo za kutosha. Usiahidi usichoweza. Usimwambie kwamba ulikuwa na watoto sitini na wawili. Ni kweli, na lazima isemwe, lakini iambie ofisi ya elimu, kwa maandishi, kila wiki, mpaka wakikuona wakunje uso. Yeye mweleze ulichofanya, kwa maneno anayoyatumia yeye.

Sitakupa pole. Yule mlinzi sikumwomba radhi kamwe. Mwanawe nilimhamishia kwa mwalimu mwenzangu ili nisiwe namwona. Hilo sikukuandikia mwanzoni, nilikupa kipande cha kuchekesha tu. Mtoto yule alikuwa anapita dirishani kwangu kila siku kwa miaka mitatu, na kila siku alinisalimia.

Shangazi yako


12 Machi

Bibi, na wewe unayemsomea,

Isome yote kwanza. Humu hamna msiba. Kuna kosa, na ni langu.

Niliandika kwamba hujui kusoma. Si kweli. Unajua, na ulijua tangu siku ya kwanza. Nilikuona kimya nikadhani hujui, na sikukuuliza. Siku uliyofungua mdomo nilikwambia muda umekwisha. Wenzako walikuita jina baya mbele yangu na sikuwazuia kama inavyopaswa. Kazi zako za nyumbani nilizipa sifuri nikidhani ni za mtu mwingine. Sifuri zote nimezifuta kwenye kitabu changu na kuandika alama ulizostahili.

Bibi, kusoma kwa shule na kusoma kwa nyumbani kwako ni kumoja, hakuna kunakozidi. Masikio yako hayakukudanganya. Niliyekudanganya ni mimi.

Nimeomba mara tatu arudi darasani kwangu, wamekataa. Nimeandikia ofisi ya elimu barua mbili, hawajajibu, nitaandika ya tatu. Inawezekana mwaka ukaisha bado yuko darasa la pili, na sitaki mnisikie nikisema vinginevyo. Vitabu vya darasa la tatu viko mezani kwangu kila siku baada ya masomo, kama atapenda. Kule darasani kwangu nimeacha kuhesabu.

Naomba radhi kwenu wote wawili.

Mwalimu


13 Machi

Mwalimu,

Barua imesomwa yote, mara mbili. Bibi aliacha kazi akasikiliza mpaka pasi ikapoa. Amesema asante kwa kusema, watu wazima huwa wanaona taabu. Amesema nije kuchukua vitabu, lakini nivisomee nyumbani.

Ameuliza kama huko ofisi ya elimu kuna mtu wa kuwasomea barua zako, au hawajui kusoma. Nimemwambia sijui.

Amesema niandike kwamba tumekusamehe. Nimeandika kwa sababu yeye amesema. Mimi bado.

Bibi, kwa dole gumba lake
Aliyeandika, kwa mkono wake